Kandamoja

Kandambili ikibaki moja
inaitwaje?
Mama yake Hizza aliniuliza kwa hasira,
kana kwamba nimelisomea hilo,
akamimina kikapu juu ya meza yangu:
ndara tano, zote za kushoto,
ya bluu, ya kijani, mbili nyekundu,
na moja iliyofungwa mkanda kwa msumari.

"Wenzake wa kulia wako Makorora kwa baba yake.
Kila Ijumaa anakwenda na mbili,
kila Jumapili anarudi mguu mmoja chini.
Mimi nauza vitumbua, mwalimu, siuzi ndara.
Bibi yake anasema mtoto kachezewa."

Mimi si mwalimu. Mlangoni waliandika MNASIHI.
Chumvi ya hewa ya Tanga imekula herufi mbili za mwanzo,
watoto husoma ASIHI,
na siku nyingi naona wao ndio wamepatia.

Jumanne ya kwanza Hizza alihesabu vigae.
Ya pili alinihesabu mimi.
Ya tatu nilimtolea udongo wa kufinyanga,
kalamu za rangi, mdoli mwenye nyuso mbili;
akavitazama kama wageni waliokuja kukopa.
Nikamuuliza nilivyofunzwa chuoni:
"Ungekuwa rangi, ungekuwa rangi gani?"
Akanionea huruma. Miaka kumi na moja,
akanionea huruma.

Ya nne, baiskeli yangu ilipata pancha
pale relini, nikaikokota hadi ofisini
jasho likinitiririka, ushungi umekwenda upande.
Akainuka.
"Lete beseni."

Alitoa mpira, akaujaza upepo, akauzamisha,
akauzungusha polepole, kipande kwa kipande,
sikio karibu na maji.
"Tundu halionekani likiwa kavu," alisema.
"Likiwa kavu linakudanganya."
Mapovu yakapanda, madogo, mfululizo.
"Nani kakufundisha?"
"Baba."
Akaweka kidole juu ya tundu
na hakukitoa.

Hakukitoa.
Gundi ilikauka kwenye kizibo,
nje muuza kahawa akapita akigonga vikombe, akarudi.
Usomi wangu wote siku ile
ulikuwa kunyamaza bila kutazama saa.

Nikauliza ndara.
Akayaambia maji, si mimi:
"Ukiacha moja, watasema umesahau.
Ukibeba zote, watasema umehama."

Mji huu wanausifu: waja leo, warudi leo.
Hakuna aliyefikiri kumuuliza mtoto
anayekuja leo na kurudi leo
kutoka Barabara ya Tisa hadi Makorora,
daftari la hesabu huku, sare kule,
usingizi sijui ameuacha wapi.

Jumamosi nikaenda Makorora, kwa kiraka chake.
Nilitaka kumkuta mke mpya ana roho mbaya;
ingenirahisishia kazi.
Nikakuta ndara tano za kulia kizingitini,
zimesuguliwa kwa sabuni, zimepangwa.
"Sijui anazifanyia nini," alisema Bi Mwantumu,
mimba yake ya miezi saba ikimtangulia,
"ila nimeogopa kuzitupa."
Baba yake alikuwa ndani. Hakutoka.
Nilimsikia akikohoa, kikohozi cha mtu anayesikiliza.

Wiki iliyopita Hizza alikuja na ndara miguuni,
kushoto ya kijani, kulia nyekundu.
Wenzake mlangoni walimcheka,
naye akatembea hivyohivyo, kwa kelele,
pa, pa, pa, mpaka kwenye kiti.

Nilifungua faili. Kuna sehemu imeandikwa Maendeleo.
Kalamu ilitaka kusherehekea.
Nikamuuliza yeye niandike nini.
Akafikiri, akakuna goti.

"Andika zote mbili zinatembea," akasema.
"Andika na hii ya kulia inabana."

Nimeandika.